Ngozi Katika Daftari la Wafu

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)

Leo nataka tuzungumze juu ya mstari mmoja tu. Ni ule mstari anaouandika mganga kwenye kadi yako, au kwenye lile daftari kubwa la zahanati, baada ya kukutazama: jina la ugonjwa. Wagonjwa wengi hatuusomi. Tukitoka chumba cha daktari, macho yako kwenye dirisha la dawa. Lakini mstari ule ndio unaoamua dawa gani itoke, kama utapelekwa kwa bingwa ama utarudishwa nyumbani, na mwisho wa mwaka hujumlishwa na mistari mingine ili Serikali ijue wananchi wake wanaugua nini na dawa za aina gani ziagizwe.

Kwa malaria kuna kipimo cha damu, na kwa kifua kikuu kuna kipimo cha makohozi. Kwa ngozi inayowaka, kuvimba, kuwasha na kubanduka magamba, mara nyingi mganga hana zaidi ya macho yake, vidole vyake na masikio ya kumsikiliza mgonjwa. Ndiyo maana historia ya majina ya magonjwa haya imejaa vurugu, na vurugu hiyo imewaumiza watu kwa karne nyingi.

Tuanze mbali kidogo. Wagiriki wa kale walikuwa na neno lepra, lililotokana na magamba, na waliliita hivyo gonjwa lolote la ngozi lililochambua magamba. Walikuwa pia na neno psora, yaani kuwashwa. Ukoma wenyewe, ule unaoua mishipa ya fahamu mpaka mtu hasikii moto wala mwiba, wao waliuita elefantiasi, kwa kuwa ngozi ya mgonjwa huwa nene na yenye makunyanzi kama ya tembo. Waarabu nao waliuita ukoma judham, na neno hilo limefika hadi pwani yetu: wazee wa Kiswahili walisema jedhamu. Maradhi ya miguu kuvimba, yaani matende, Waarabu waliyaita ugonjwa wa tembo.

Sasa tazameni balaa. Katika karne ya 11 vitabu vya tiba vya Kiarabu vilianza kufasiriwa kwa Kilatini huko Italia. Judham ikafasiriwa kuwa lepra. Ugonjwa wa tembo ukawa elefantiasi. Basi tangu hapo neno lepra likawa linabeba vitu viwili, ukoma wa kweli na magamba ya kawaida, na elefantiasi nayo ikabeba ukoma wa Wagiriki pamoja na matende. Juu ya hayo, wafasiri wa Torati kwa Kigiriki walikuwa wamekwisha kutumia lepra kwa neno la Kiebrania ambalo, ukisoma Mambo ya Walawi sura ya 13 na ya 14, huwapata watu, nguo na hata kuta za nyumba. Ukuta hauwezi kuugua ukoma. Kuhani aliagizwa amtenge mtu siku 7 kisha amtazame tena, na akiwa bado na shaka amtenge siku 7 nyingine. Yako mengi ya kubishania juu ya sheria ile, lakini ile subira ya kutazama mara ya pili kabla ya kutoa jina ningependa kuiona zaidi katika zahanati zetu.

Aliyeumia zaidi kwa mchanganyiko huu ni mtu mwenye soriasisi. Kwa wasioujua, huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe huichochea ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima. Ngozi hurundikana, ikawa mabaka yenye magamba meupe kama fedha, hasa kwenye viwiko, magoti na kichwani. Hauambukizi hata kidogo. Unaweza kulala kitanda kimoja na mwenye nao miaka 40 usiupate.

Nilipokuwa mtoto, mtaa wa pili kutoka kwetu alikuwapo fundi cherehani mwenye mabaka ya namna hiyo mikono yote miwili. Tulikatazwa kunywea kikombe chake. Watu walimwita mkoma, ingawa alikuwa akitunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani na akijichoma alishtuka kama mtu mwingine yeyote, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwafikirisha waliomsema. Alikuwa na kadi ya hospitali, kadi iliyochakaa kwa kukunjwa, ambayo aliwaonyesha wateja wake kama mtu anayejitetea mahakamani. Ilikuwa na maneno matatu: ugonjwa wa ngozi. Hayo yalikuwa kweli, lakini hayakumsaidia, maana ukoma nao ni ugonjwa wa ngozi.

Mtu wa kwanza kujaribu kwa dhati kuondoa vurugu hiyo alikuwa tabibu wa Kiingereza, Robert Willan, aliyezaliwa mwaka 1757. Hakuwa daktari wa ikulu. Alifanya kazi katika zahanati ya watu maskini, mtaa wa Carey, London, na huko kila mwezi aliandika hesabu ya magonjwa aliyoyaona. Alitambua kwamba madaktari hawaelewani kwa sababu hawaiti kitu kimoja kwa jina moja. Basi akaanza na macho: ni kijipele kikavu, ni gamba, ni wekundu, ni lengelenge kubwa, ni usaha, ni kilengelenge kidogo, ni kinundu, au ni doa? Makundi 8, kila moja na maelezo yake na picha yake. Mwaka 1790 chama cha madaktari wa London kilimpa nishani ya dhahabu kwa mpango huo, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1808. Alifariki mwaka 1812 kabla hajamaliza, na mwanafunzi wake, Thomas Bateman, akaikamilisha kazi mwaka uliofuata.

Lakini hata Willan hakuweza kulitupa neno lepra. Katika kundi la magamba aliandika lepra mahali pamoja na psoriasis mahali pengine, hali leo tunajua kwamba vyote viwili ni soriasisi ile ile, mara ikiwa na mabaka ya duara na mara isiwe nayo. Mgonjwa mmoja akawa na majina mawili, na moja kati ya hayo ndilo lile lile la kutisha.

Aliyeikata kamba hiyo ni Ferdinand von Hebra, aliyekabidhiwa wodi ya wenye upele katika hospitali kuu ya Vienna mwaka 1841, kazi ambayo madaktari wenye majina hawakuitaka. Hebra aliutoa ukoma katika soriasisi moja kwa moja. Alijipandikiza mwenyewe utitiri wa upele ili kuonyesha kwamba upele unaletwa na mdudu huyo na si damu chafu. Tena alifanya jambo jingine ambalo mimi naliona ndilo kubwa zaidi: aliipaka ngozi mafuta makali ya kroton, akaona vijipele, kisha malengelenge, kisha maji maji, kisha magamba, vyote kwa mtu yule yule, siku baada ya siku. Ulikuwa ukurutu mmoja unaobadili sura. Kwa daftari la Willan mgonjwa huyo angeandikwa ugonjwa mwingine kila wiki.

Wafaransa wao walikuja na ufundi wao. Katika hospitali ya Saint-Louis, Paris, walimwajiri Jules Baretta, mtu aliyekuwa akitengeneza matunda ya bandia ya karatasi kwa ajili ya kuuza dukani, atengeneze sanamu za nta za ngozi za wagonjwa. Maelfu ya sanamu hizo yapo hadi leo. Madaktari walipokutana huko mwaka 1889 katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa magonjwa ya ngozi, waliweza kuonyeshana kwa kidole walichokuwa wakibishania kwa maneno.

Wakati huo huo huko Norway, nchi iliyokuwa na ukoma mwingi katika vijiji vya wavuvi na wakulima wa magharibi, Serikali ilianzisha mwaka 1856 daftari la taifa la wenye ukoma. Kila mgonjwa aliandikwa jina, kijiji na hali yake. Lilikuwa daftari la kwanza la aina hiyo duniani kwa ugonjwa mmoja, na kwa miaka iliyofuata liliandikwa wagonjwa zaidi ya 8,000. Kutokana na daftari hilo daktari Gerhard Armauer Hansen, wa mji wa Bergen, aliona mwenendo usiolingana na imani ya wakuu wake kwamba ukoma ni wa kurithi. Mwaka 1873 akaviona vijidudu vyenyewe kwa hadubini. Tangu hapo ukoma ukawa na kitu cha kuushuhudia, na hapakuwa tena na kisingizio cha kuuchanganya na kila gamba. Nisiwafiche lakini kwamba daftari hilo hilo lilitumika pia kuwakusanya watu na kuwatenga kwa sheria, na kwamba mwaka 1880 Hansen mwenyewe alihukumiwa mahakamani kwa kumpandikiza mgonjwa vijidudu jichoni bila ridhaa yake, akafukuzwa kazi ya hospitali. Jina likiandikwa vizuri bado laweza kutumiwa vibaya.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Ile orodha ya namba za magonjwa inayotumika dunia nzima leo haikutengenezwa na waganga wa ngozi, wala na waganga waliokuwa na wagonjwa mbele yao. Ilitengenezwa na watu waliohesabu wafu. William Farr, mtakwimu wa ofisi ya vizazi na vifo ya Uingereza, alilalamika tangu mwaka 1839 kwamba sababu moja ya kifo huandikwa kwa majina matatu au manne. Mwaka 1893, katika mkutano wa watakwimu uliofanyika Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon alileta orodha yake ya sababu za vifo. Orodha ndefu ilikuwa na vichwa 161. (Bertillon huyu alikuwa ndugu wa yule Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris, aliyebuni mtindo wa kupima na kupiga picha wahalifu. Inaonekana nyumba ile walipenda kumpa kila kitu namba.) Mataifa yalikubaliana kuirekebisha kila baada ya miaka kama 10.

Tazameni orodha ya mwaka 1909 mahali pa ngozi. Namba 142 ni nyama kuoza. Namba 143 ni jipu. Namba 144 ni usaha mkali. Kisha namba 145: magonjwa mengine ya ngozi. Basi, imekwisha. Soriasisi, pumu ya ngozi, ukurutu wa mikono ya dobi, vyote viliingia kapu moja la mengineyo. Kwa mtu anayehesabu wafu hilo halikuwa kosa, maana nani anakufa kwa kuwashwa? Lakini serikali huweka fedha kufuata hesabu, na ugonjwa unaomnyima mtu usingizi, kazi na mchumba kwa miaka 30 bila kumuua haukuwa na mahali katika hesabu.

Ilichukua mpaka mwaka 1948, toleo la sita, Shirika la Afya Duniani likiwa limeanza kazi, ndipo orodha ikapanuliwa rasmi kuhesabu wagonjwa walio hai pamoja na waliokufa. Toleo la kumi lilikubaliwa mwaka 1990, na nchi zikaanza kulitumia mwaka 1994. Humo ngozi ina sura yake nzima, herufi L. L20 ni ile pumu ya ngozi inayoanza utotoni. L23 ni mzio wa kitu kilichogusa ngozi. L24 ni ngozi iliyochomwa na kitu kikali pasipo mzio. L40.0 ni soriasisi ya kawaida, na L40.5 ni soriasisi iliyoingia kwenye viungo, ambayo ikiachwa huharibu vidole visirudi tena. Ukoma uko mbali kabisa, kwa herufi A, namba 30, pamoja na magonjwa ya vijidudu. Vurugu ya karne 9 ilimalizwa na herufi mbili.

Ilimalizwa kwenye karatasi, nataka kusema. Kwa sababu ndani ya sura hiyo hiyo ipo L30.9, ambayo maana yake ni ngozi iliyovimba na kuwaka, aina haikutajwa. Ni ile 145 imerudi kwa nguo mpya. Mganga aliyechoka, mwenye foleni ya watu 60 nje ya mlango, huiandika hiyo, na simlaumu sana. Ila tujue inagharimu nini.

Mfano ninaoupenda ni wa saruji. Fundi mwashi anayeshika saruji mbichi kila siku huweza kupata ukurutu mkali wa mikono, na wako wanaolazimika kuacha kazi. Ukimwandika aina haikutajwa, unampa mafuta ya kupaka na wiki ijayo anarudi. Lakini mwaka 1895 Josef Jadassohn alikuwa amekwisha kuonyesha kipimo cha kubandika kitu kinachoshukiwa juu ya ngozi na kungoja siku mbili kuona kama itawaka. Kwa kipimo hicho ilijulikana kuwa mafundi wengi wana mzio wa kromi iliyomo ndani ya saruji. Huko Denmark waliandika hivyo hivyo: mgonjwa ni mwashi, mzio ni wa kromi, chanzo ni saruji. Walipojumlisha, hawakuongeza mafuta ya kupaka. Walibadili saruji. Kuanzia mwaka 1981 viwanda vilitia salfeti ya chuma, ambayo huifanya kromi isiweze kupenya ngozi kwa urahisi, na mwaka 1983 ikawa sheria. Ukurutu wa kromi kwa mafundi ukapungua sana, na mwaka 2005 Umoja wa Ulaya mzima ukafuata. Mikono ya maelfu ya watu iliponywa na mstari uliojazwa kikamilifu.

Huku kwetu, fomu za mwezi za zahanati haziwezi kubeba namba 14,000 za kitabu kile. Tanzania ilipoeneza madaftari ya MTUHA katika miaka ya 1990 ilikuwa hatua kubwa. Lakini ngozi hugawiwa mistari michache tu. Kenya nayo, katika majedwali ya taifa, magonjwa ya ngozi yamekuwa miongoni mwa yanayoleta wagonjwa wengi kabisa zahanati, na yanatajwa kwa kichwa kimoja. Ukurutu, choa, upele na soriasisi vinakaa pamoja kama abiria wasiojuana.

Tena liko tatizo la rangi. Willan na Hebra waliandika walichokiona London na Vienna, na neno lililojaa vitabuni mwao ni wekundu. Juu ya ngozi nyeusi soriasisi huonekana ya zambarau au ya kijivu, na ukurutu huacha weusi uliokolea. Mganga aliyefunzwa kutafuta wekundu anaukosa, anaandika fangasi. Kwa ajili hiyo nasema siku ilipofunguliwa shule ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, mwaka 1992, ilikuwa siku ya maana kuliko ilivyotangazwa. Pale matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika hukaa miaka miwili wakijifunza ngozi juu ya ngozi za watu wao, kisha hurudi wilayani mwao wakijua kutenganisha.

Kutenganisha huko si mapambo. Ukimpaka mwenye choa mafuta ya steroidi ukidhani ni ukurutu, mwasho hutulia na mgonjwa hushukuru, huku choa kikienea chini kwa chini bila ile duara yake. Madaktari wa Uingereza mwaka 1968 walikipa jina la Kilatini lenye maana ya choa kilichojibadili sura. Ukimpa mwenye soriasisi vidonge vya steroidi, siku akiviacha ngozi inaweza kulipuka usaha mwili mzima. Na katika miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipotuingia, wapo waliosimangwa mitaani kwa mabaka waliyokuwa nayo tangu shuleni.

Toleo la kumi na moja la orodha limeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Soriasisi humo ni EA90, pumu ya ngozi ni EA80, na mganga anaweza kuongeza namba ya sehemu ya mwili na ukali wa ugonjwa. Mei 2025 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa jambo la kupewa kipaumbele duniani, miaka 132 baada ya mkutano wa Chicago.

Wako walioniandikia wakiuliza wafanye nini wao. Mkienda hospitali kwa ajili ya ngozi, chukueni tyubu ya kila mafuta mliyopaka, hata yale ya dukani mliyoshauriwa na jirani, na msiyafiche. Semeni yalianza lini, wapi, kazi yenu mnashika nini, na kama asubuhi vidole vinakakamaa. Kisha mwombeni mganga, kwa adabu, aandike jina la ugonjwa na jina la dawa, si neno ngozi peke yake. Kadi hiyo msiipoteze. Atakayewatazama mara ya pili ataihitaji.